Vituo kumi, kata nne: nitumie jaribio gani?

Shikamoo mwalimu. Tumepima kokoto kwenye vituo 10 vya Mto Morogoro, kuanzia miteremko ya Uluguru hadi mjini. Tunataka kujua kama zinapungua ukubwa kadiri mto unavyoshuka. Tutumie jaribio gani?

Marahaba. Kila kituo kina vipimo viwili, umbali na ukubwa wa kokoto, nanyi mnauliza kama vinakwenda pamoja. Hiyo ni kazi ya Spearman, jaribio la takwimu linaloangalia kama nafasi za vipimo viwili zinakwenda pamoja. Upeni umbali nafasi 1 hadi 10, na ukubwa vivyo hivyo. Tafuteni tofauti ya nafasi kwa kila kituo, zidisheni kila tofauti kwa yenyewe, mjumlishe. Tuseme mmepata 310. Mara 6 ni 1,860. Gawanyeni kwa 990 (yaani 10 × 10 × 10, toa 10), halafu jibu hilo litoeni kwenye 1. Inabaki −0.88.

Kwa jozi 10, kiwango cha 0.05 cha pande mbili (yaani mnakubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, uhusiano uwe wa kupanda au wa kushuka), jedwali la Spearman linadai angalau 0.648, bila kujali alama. Mmevuka. Hiyo alama ya kutoa isiwatishe, inasema tu kwamba umbali ukizidi, kokoto inapungua.

Ninachokihofia zaidi ni mkono wenu. Ukiambiwa okota kokoto 20, jicho linakimbilia zile nzuri za kushikika. Angalia pembeni, shusha kidole kwenye ncha ya kiatu, pima ya kwanza uliyoigusa. Na pale kijito kinapoingiza mawe mapya yenye ncha kali, kituo kitakwenda kinyume na vingine. Msikifute. Mtakuwa na cha kueleza kwenye ripoti.

Niliuliza wateja 60 sokoni wanatoka kata gani kati ya nne: 24, 16, 12 na 8. Nimegeuza kuwa asilimia, kai-mraba (jaribio la kulinganisha idadi zilizopatikana na zilizotarajiwa) ikatoka karibu 16. Rafiki yangu kapata 9.33. Nani kakosea?

Wewe, ndugu yangu. Kai-mraba inataka idadi ya watu wenyewe. Ukiweka asilimia unaliambia jaribio kwamba uliwahoji watu 100, na 40 kati yao hukuwaona kabisa. Rafiki yako kachukua matarajio ya 15 kila kata, akajumlisha miraba ya tofauti akapata 140, akagawanya kwa 15. Kwa makundi manne, digrii za uhuru (makundi toa 1) ni 3 na jedwali linasema kuanzia 7.815, kwa hiyo tofauti ipo hata kwa hesabu yake. Safari hii umenusurika.

Ila nyote wawili nina neno nanyi: nani kasema kila kata ilete 15? Kata yenye watu wengi italeta wateja wengi hata kama soko halina mvuto wowote kwao. Chukueni idadi ya wakazi kutoka sensa ya 2022, mgawanye wale 60 kwa uwiano huo. Tarajio lolote likishuka chini ya 5, unganisheni kata, lakini kwa sababu ya kijiografia, si kwa kubahatisha.

Nimepima kasi ya maji kuzama ardhini, mara 10 msituni na mara 10 shambani. Ni jaribio la t au Mann-Whitney?

Chora nukta zako kwanza. Vipimo hivi huwa na kimoja au viwili vinavyoruka mbali, pengine ulisimika bomba la kupimia juu ya shimo la mchwa, na wastani, ambao ndio jaribio la t hulinganisha, unavutwa. Kwa sampuli ndogo hivyo ningechukua Mann-Whitney, maana inatazama nafasi tu. Kumbuka hapa jedwali husomwa kinyume cha Spearman: U yako ndogo (U ni hesabu ambayo Mann-Whitney hutoa kwa kila kundi kutokana na nafasi) iwe 23 au chini yake, kwa kiwango kile kile cha 0.05, ndipo useme kuna tofauti. Kila mwaka nasahihisha ripoti zilizogeuza hilo.

Jibu langu halikuvuka jedwali. Nijaribu jaribio jingine?

Hapana. Andika ulichopata.