Ukitaka kutengeneza kauri za roketi Mombasa, anza na daftari

Tangu habari ienee kwamba karakana yetu ya Changamwe inajaribu kauri za kukinga roketi na joto, vijana wengi hunijia na swali lilelile: mtaji ni kiasi gani? Nami huwauliza: mnunuzi atakuaminije? Mwenye roketi hununua kipande pamoja na historia yake yote, tangu nyuzi zilikotoka hadi tanuri lilipozimwa. Bila historia hiyo, kauri yako ni jiwe tu.

Wala wanunuzi hawaulizii historia hiyo kwa ubishi. Kauri tupu hustahimili moto lakini ikigongwa hupasuka. Ukiitia nyuzi za kaboni au silikoni kabaidi, ufa unaoanza hukutana na uzi, ukapinda na kuishiwa nguvu. Hata hivyo, kingo za mbawa za Columbia, chombo cha anga za juu cha Marekani, zilikuwa za kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, na povu lililobanduka kwenye tangi wakati wa kuruka lilitoboa ukingo wa bawa la kushoto. Chombo kilipokuwa kikirudi duniani, tarehe 1 Februari 2003, joto likaingia kwa tundu hilo, kikavunjika na wanaanga wote saba wakafa. Kwa hiyo kipande chako kigonge kwanza, ndipo ukichome, na uandike yote mawili.

Sisi tunatumia njia ya kulowesha na kupika. Kitambaa cha nyuzi unakilowesha kwa resini yenye silikoni, unaiacha igande, kisha unakipika ndani ya gesi ya agoni hadi kama sentigredi 1,000. Resini inageuka kauri, ila inasinyaa na kuacha vishimo, basi unarudia kulowesha na kupika mpaka uzito ukaribie kusimama. Kila mzunguko, mizani na kalamu.

Hapa pwani adui mkubwa ni unyevu. Resini za polisilazani, aina mojawapo ya hizo zenye silikoni, zikikutana na mvuke wa maji hutoa amonia. Ukifungua kopo wakati wa masika ukapigwa na harufu ya mkojo uliolala, jua imeshaanza kuharibika. Tenga chumba kidogo, ziba nyufa zake, weka mashine ya kukausha hewa, na kopo lisifunguliwe kwingine kokote. Umeme nao una yake: ukikatika tanuri likiwa limepamba moto, hewa ikiingia nyuzi za kaboni zitaungua. Valvu ya agoni iwe ya kubaki wazi stima ikipotea, gesi iendelee kupita hadi tanuri lipoe.

Jaribio la mwanzo unaweza kulifanya hapahapa mjini. Moto wa oksijeni na asetilini, huu wa mafundi wa kuchomelea, hupita sentigredi 3,000. Tulimpata fundi Shimanzi mwenye mkono mtulivu sana, lakini mkono wa mtu hauwezi kurudiwa sawasawa kesho, kwa hiyo tukamwomba atutengenezee kishikio cha chuma cha kushika nozeli kwa umbali uleule. Themokapo, yaani kipimajoto cha nyaya, mgongoni mwa kipande, saa mezani, na joto linaandikwa kila baada ya sekunde chache.

Kuhusu fedha, wauzie kwanza wenye tanuri za kuyeyusha alumini na chuma. Bitana ya tanuri, yaani kauri ya kufunika kuta zake za ndani, italipa kodi, na itakufundisha kushika vipimo. Wako wanaonitajia zirkoni ya Kwale, madini ya mchangani yanayotumika kwenye kauri, iliyokuwa ikisafirishwa nje kupitia Likoni mpaka kampuni ya Base Titanium ilipofunga uchimbaji Desemba 2024. Mchanga ule una thamani, nakubali, lakini kati yake na kauri ya roketi kuna kazi ya kusafisha ambayo kampuni changa haiimudu. Usijenge mpango juu yake.

Nyuzi nzuri za silikoni kabaidi nyingi hutoka Japani, na vifaa vya kinga ya joto vya roketi husimamiwa chini ya mpango wa kimataifa wa kudhibiti teknolojia ya makombora ulioanzishwa mwaka 1987. Muuzaji atataka kujua nani atazitumia, wapi, kwa kazi gani. Mjibu kwa maandishi, kweli tupu, kabla hujalipa chochote. Jitambulishe mapema pia kwa Shirika la Anga za Juu la Kenya, na usitume sampuli nje, hata ya ukubwa wa kiganja, kabla ya kuuliza kibali kinachohitajika huku na kule inakokwenda.