Shangazi, nipasuliwe mgongo au nivumilie?

"Shangazi, shikamoo. Ni dereva wa daladala, miaka 41. Huu mwezi wa pili maumivu yananishuka kutoka takoni, mguu wa kushoto, hadi kwenye kisigino. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, ya chini kabisa (wanaiita L5-S1) imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Daktari anasema naweza kupasuliwa. Mke wangu anataka, mama anasema aliyeguswa mgongo hasimami tena. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako yote inalalamikia mguu, na hapo ndipo pa kuanzia. Upasuaji wa kuondoa kipande cha diski husaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko ya kiuno. Anayeumwa kiuno peke yake ningemwambia atulie kwanza.

Hofu ya mama ina sababu, ila ugwe mgongo wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, unaishia juu ya hapo utakapopasuliwa. Kupooza hutokea mara chache sana. Hatari za kuuliza ni kidonda kuingia wadudu, utando wa mishipa kuchanika na diski kuchomoza tena.

Upande wa pili, diski nyingi hunywea zenyewe. Utafiti wa Uholanzi wa 2007 uliwalinganisha waliopasuliwa mapema na waliosubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka, lakini baada ya mwaka hali zao zilikaribiana. Hata hivyo, karibu wanne kati ya kila kumi waliosubiri waliishia kupasuliwa kwa kushindwa kuvumilia. Kwa hiyo unachonunua hasa ni muda, na kwa mtu ambaye hesabu ya tajiri haimsubiri, muda si kitu kidogo.

Mimi ningesubiri wiki chache, kama mguu una nguvu na usiku unalala. Gari mpe deiwaka, maana kukaa kwenye usukani kutwa kunakuumiza zaidi. Tembea kidogo kidogo, usilale kitandani siku nzima, na uende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wale wa kukukanyaga mgongo waache.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukatoka bila kujijua, au unyayo ukianza kuburuza, hapo hakuna kusubiri: hospitali siku hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Kliniki ijayo nenda na mama. Mwulizeni daktari ameshafanya upasuaji huu mara ngapi, na baada yake utarudi lini kwenye usukani. Mama naye aulize lake, daktari amjibu mwenyewe.