Mtungi pekee hautoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama mtungi wa kuzimia moto, wa unga, wa kilo moja unatosha kwa Subaru yako yenye turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Unasaidia, lakini hatari kubwa iko kwenye mipira ya petroli, ambayo hukakamaa na kupasuka kwa joto, hasa gari likisota kwenye foleni ya Mbagala juani, hadi petroli ikadondokea turbo yenye moto mkali. Injini ikiwa imepoa, ipinde mipira hiyo karibu na kleampu, yaani pete zinazoibana. Ukiona nyufa ndogo au ukisikia harufu ya petroli, badilisha yote, na usikubali kabisa kuwekewa mipira ya maji. Mtungi ufungwe karibu na kiti cha dereva. Moto ukiwaka, zima injini, teremsha abiria, piga 114 ya Zimamoto, wala usifungue boneti wazi, kwani hewa huuchochea.