Uliza Mpimaji: Nimefika, mzinga siuoni

SWALI: Shikamoo mzee. Nafuga nyuki Sikonge, nina mizinga 40 porini. Machi nilichukua pointi ya kila mzinga kwa GPS ya mkononi. Nikirudi kurina, kifaa kinasema nimefika, kumbe mzinga uko mita 20 pembeni, mara 30. Mwenzangu alipozihamishia pointi hizo kwenye ramani ya zamani ya karatasi, ikawa balaa zaidi. Kifaa ni kibovu?

JIBU: Marahaba. Kifaa kizima, usikiuze. Ila niambie kweli: ulikiwasha chini ya mti wenyewe ukabonyeza papo hapo? Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, chini ya mwembe uliofunga. Kesho yake pointi ileile ikaangukia mita 17 ndani ya shamba la jirani, na jirani mwenyewe alikuwepo.

Palipo wazi kifaa hicho hukosea mita 3 hadi 5. Machi miyombo imejaa majani, mawimbi ya setilaiti yanafika hafifu, mengine yameshagonga mashina. Hapo 10 na kuzidi si ajabu. Kiwashe ungali barabarani, kitazame mbingu robo saa. Kama kimelala miezi, ratiba ya mahali zilipo setilaiti za GPS peke yake huchukua dakika 12 na nusu kushuka yote kifaani.

Mzingani usikikumbatie kifuani, kiinue. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuchukua wastani wa pointi, chukua, kahudumie mizinga mingine, kisha rudi baada ya saa moja na nusu uongeze. Kuganda hapohapo dakika 30 hakusaidii sana: setilaiti ni zilezile, kosa lilelile. Mara 4 zatosha.

Mizinga 40 mara 4, najua, ni miguu. Ile iliyojificha mno ningeiacha, nitoke hadi penye uwazi, nichukue pointi hapo, daftarini niandike: “hatua 22 kaskazini-mashariki, mninga wenye kovu.” Daftari halihitaji setilaiti.

Mwenzako naye: ramani zile za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, msingi wa zamani wa kupimia mahali huku kwetu; kifaa kinasoma WGS 84, msingi wa GPS. Kwetu tofauti ni kama mita 300, sehemu kubwa kaskazini-kusini. Abadili mfumo kwenye kifaa kabla ya kusoma namba, akimaliza aurudishe. Na kanda yenu, yaani namba ya kipande cha dunia kwenye ramani, ni 36 kusini. 37 ni ya huku Dar es Salaam.