Nusufuwele: je, "nusu" ni lazima iwe asilimia 50?

SWALI: Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa tasnifu yangu ya kemia kuhusu muundo wa polithini, plastiki ya madumu na mifuko. Niliandika "polima nusu fuwele" kwa maana ya semicrystalline polymer, msimamizi akaikata: sampuli zangu ni fuwele kwa zaidi ya nusu. Pili, rezonansi ya sumaku, ambayo ndiyo njia yangu ya kupimia, naweza kuiita "mwangwi wa sumaku"?

JIBU: Neno lako ni zuri, lililokuponza ni ile nafasi uliyoiacha katikati. "Nusu fuwele" husomeka kama nusu mkate: kipande cha fuwele kilichokatwa. Liunganishe, uandike nusufuwele. Nusu ikishaungana na neno jingine si lazima ipime tena, huweza kutaja hali ya kuwa baina ya mambo mawili. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hajafa kwa asilimia 50. Hata wahenga, waliposema nusu shari kuliko shari kamili, hawakuwa na mizani mkononi.

Na hali yenyewe ndiyo hiyo. Shika dumu la maji. Ndani ya ukuta wake kuna minyororo ya molekuli iliyokunjwa ikalala sambamba, safu kwa safu. Hapo ni fuwele. Baina ya safu hizo minyororo ileile imevurugika kama uzi uliochezewa na paka. Polithini ya dumu huwa na fuwele nyingi, ya mfuko laini chache, na zote mbili ni nusufuwele.

Kiasi kina neno lake: ufuwele. Andika "ufuwele wa sampuli ni asilimia 70", na msimamizi hatakuwa na neno. Namba hiyo unaipata kwenye spektra yako ya kaboni-13, yaani mchoro wa ishara za rezonansi za kaboni: kaboni za ndani ya fuwele hutoa kilele karibu na 33, zile zilizovurugika karibu na 31, kwa kipimo cha sehemu kwa milioni (ppm). (Usipime kwa pupa. Kaboni za fuwele huchelewa sana kutulia baada ya kila pigo la mawimbi ya redio, na mwenye haraka huzihesabu pungufu.)

Mwangwi, hapana. Fani yako tayari inao: mwaka 1950 Erwin Hahn alieleza mwangwi wa spini (usumaku mdogo wa viini vya atomi), ishara inayorudi baada ya mapigo mawili ya mawimbi ya redio. Ukilitoa neno hilo kwa rezonansi, ishara ya Hahn utaiitaje? Rezonansi ni kiini cha atomi kuitikia masafa (frikwensi) yake tu, na mengine yakapita kimya. Baki na rezonansi.