Mwanangu, kuhusu mimba na maabara

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza umwambie msimamizi wako sasa kwamba una mimba, au usubiri hadi ajulikane atakayeongoza utafiti mpya. Mimi naanza na meza unayofanyia kazi. Fomalini na zailini, kemikali mnazotumia kuhifadhi na kuandaa tishu, hazisubiri mtu atangaze. Kabati la kufyonza mvuke likizibwa na machupa upande wa nyuma, hewa haivutwi, mvuke wote unakurudia usoni. Na glavu usizitegemee, zailini huzipenya kwa dakika chache. Kazi ya kemikali hizo mwachie mwenzako, wewe kata vipande vya tishu na usome slaidi.

Halafu karatasi. Nimesema tangu uko sekondari na ninarudia: haki isiyoandikwa hugeuka fadhila ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ni siku 84 zenye malipo, 100 ukijaliwa mapacha, na waweza kuianza wiki 4 kabla. Ukirudi una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Andika ni saa ngapi hadi saa ngapi, la sivyo vikao vitazimeza.

Lakini karatasi nayo haitoshi daima. Wangari Maathai, yule Mkenya mtetezi wa mazingira, alikuwa ameteuliwa tayari! Alirudi Nairobi 1966 kuwa msaidizi wa utafiti wa profesa wa zuolojia, akafika akaambiwa nafasi kapewa mwingine. Linanichoma mpaka leo. Akapokewa kwenye anatomia ya mifugo, kazi hiyo hiyo yako ya tishu, na 1971 akapata shahada ya uzamivu, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Bado ikabidi apiganie marupurupu sawa kwa wanawake wa chuo. Mahakama iliwakatalia kuunda chama cha wafanyakazi, ila mengi waliyodai yalikuja kutolewa. Basi uteuzi ule haukumlinda. Au ndio uliompa ujasiri wa kudai? Nageuka huku na huku.

Swali lako lenyewe, baba yako kanikataza nisikuamulie, na ulimi unaniwasha kweli. Nasema hili tu: kabla hujafungua mdomo, jina lako liwe kwenye andiko la utafiti, na sehemu ulizoandika zitajwe. Siku ya kumwambia ichague mwenyewe. Zailini uiache kesho asubuhi.

Mama yako