American Made: lipi la kweli, lipi la chumvi?

Habari mkuu. Umeangalia American Made ya 2017, Tom Cruise akiwa rubani Barry Seal, na umekwama: je, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ndio waliomtoa TWA, shirika la ndege alilokuwa akirushia?

Mimi ningeanza hapohapo, maana filamu inapinda mapema. Pale rubani amechoshwa na kazi, CIA wanamtongoza, naye anaondoka. Ukweli ni kwamba mwaka 1972 Seal alikamatwa kwa njama ya kupeleka vilipuzi Mexico. Kesi ilivunjika, lakini kazi yake ya TWA ikaota mbawa. Magendo ya dawa za kulevya yakafuata.

Kamera zilizofichwa kwenye ndege ya mizigo ya C-123 kule Nicaragua, 1984? Hizo ni za kweli, ila wakati huo alishakuwa mtoa habari wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, akikwepa kifungo. Na mwisho wake haukutungwa: alipigwa risasi garini, nje ya kituo cha Salvation Army (Jeshi la Wokovu), Baton Rouge, Louisiana, Februari 1986.

Rudia ile sehemu ya filamu anapowasogeza watu kabla ya kuwasha gari, akihofia bomu.  Kwangu hiyo ndiyo filamu yenyewe.